Maneno Yake, Kiswahili Changu

Vijana wa idara yetu ya ukalimani wameniomba niandike kitu kabla sijasahau. Wao huketi ndani ya vibanda vya vioo, vipokea sauti masikioni, na msemaji akienda mbio wanamwashia taa apunguze mwendo. Sisi tulisimama juani. Sisemi kwamba jua lilitufanya wakalimani bora. Lilituharibia viatu tu. Nitaandika ninavyokumbuka, na kumbukumbu yangu siku hizi inakuja kama Kampala ya asubuhi: vilele vya vilima vinaonekana vizuri, lakini mabonde yote yamejaa ukungu.

Sikuanza na ukalimani. Nilianza bungeni, mwandishi wa hati mkato, muda mfupi kabla wanajeshi hawajachukua nchi. Nyumbani kwetu Kawempe tulizungumza Kiswahili kwa sababu babu wa baba yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, na safari ya kurudi akaiahirisha mpaka akazikwa. Baba alifundisha watoto Kurani. Kiganda nilikiokota njiani nikicheza, Kiingereza nilichapiwa shuleni.

Siku ya kwanza bungeni nilikalishwa kwenye meza iliyo katikati ya ukumbi, chini ya sauti zote. Zulia lilikuwa nene mno, nilitembea bila kusikia miguu yangu mwenyewe. Maneno yalishuka kutoka pande zote kama mvua ya manyunyu, na kabla ya adhuhuri niligundua jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote: mkono unaweza kusikia peke yake. Mkono uliandika, na mimi nilikuwa mahali pengine, mbali, pametulia. Waliokwisha kufanya kazi hii wanajua mahali ninapopasema.

Waandishi tulikuwa na wabunge tuliowapenda, na haikuwa kwa ajili ya siasa zao. Tuliwapenda waliosema polepole. Wa kwanza kwa mapenzi yetu alikuwa Hajji Yakubu Katende, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye duka karibu na mtaa wa biashara wa Kikuubo. Alikuwa mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, na kila baada ya sentensi alinyamaza kana kwamba anangoja ifike. Hoja zake zilikuwa nyingi lakini zote ziliishia kwenye swali moja: nani atalijibia jambo hili? Barabara imeharibika, nani atajibu? Mtu amefia rumande, nani atajibu? Mawaziri walikuwa wakikuna vipaji vya nyuso. Wabunge wengine waliuliza ili waonekane wameuliza. Yeye alikaa chini akasubiri jibu, na jibu lisipokuja alisimama tena wiki iliyofuata na swali lilelile.

Kisha wanajeshi wakaja, na Bunge likafungwa. Sisi watumishi hatukuambiwa kitu, kwa hiyo tuliendelea kuja kazini. Viti vilifunikwa mashuka meupe. Tulikaa kwenye meza yetu, penseli zimechongwa, katika ule ukumbi uliojaa vitu vyeupe visivyosema, na mchana mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukatembea polepole kutoka upande wa serikali hadi upande wa upinzani. Mwenzangu mmoja alikuwa akifuma sweta. Ni kipindi cha ajabu. Mpaka leo nikiota kazi, naota kipindi kile.

Mwishowe tukagawanywa. Mimi nilipelekwa ofisi ya gavana wa jimbo. Gavana alikuwa mwanajeshi, Kiswahili chake cha kambini, Kiganda hajui. Watu aliowatawala walijua Kiganda, na Kiswahili kwao kilikuwa sauti ya askari anayegonga mlango. Mtu alihitajika asimame katikati.

Aliyenifundisha kusimama hapo ni Mzee Obol, polisi wa zamani kutoka kaskazini, Mkatoliki, ambaye alikuwa ametafsiri mahakamani tangu enzi za Waingereza. Lugha alizozijua hakuzihesabu. Alisema kuhesabu ni majivuno. Alinifundisha kula kidogo kabla ya mkutano, kutafuna tangawizi, kusimama hatua moja nyuma ya msemaji na, akigeuka, kumtazama kifungo cha shati badala ya uso. Uso utakufanya umwonee huruma au umchukie, alisema, na vyote viwili vitaingia kwenye tafsiri. Zaidi ya yote alinikataza kusema "anasema kwamba". Mtu akisema mimi, nawe sema mimi. Nikamwuliza kama si hatari kujiita mimi mahali pa mtu mwingine, siku zile, mbele ya watu wale.

"Ni hatari, binti," akasema. "Lakini ukianza kusema yeye, yeye, unamwonyesha kwa kidole. Mkalimani si mtu wa kuonyesha kidole."

Nilifanya naye kazi kwenye mikutano ya sukari, ya sabuni, ya usafi wa mitaro. Watu wa kwao, wa kaskazini, walipoanza kuchukuliwa makazini na kambini, alikuja asubuhi moja amevaa koti lake zuri, akaniambia anakwenda kumwona dada yake ng'ambo ya mpaka na huenda akachelewa. Akanipa mkono kwa heshima kama vile mimi ndiye mkubwa. Nilisikia alifika salama. Kuanzia siku hiyo nikawa peke yangu katikati.

Sasa niwaeleze kesi ngumu kuliko zote, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara.

Kulikuwa Kawempe na mtu aliyejiita Shehe Twaha. Baba yangu, ambaye aliwajua walimu wote wa dini wa Kampala na walimu wa walimu wao, hakuwahi kujua huyu alisoma wapi. Alikusanya vijana, akawapa fimbo na vilemba vya rangi moja. Mwanzoni waliwasuta wanawake kwa nguo zao, na wengi walikaa kimya kwa sababu serikali nayo ilikuwa imepiga marufuku nguo fupi. Kisha wakachoma kikanisa cha makuti cha walokole waliokuwa wakiimba pale bondeni. Kisha wakaja msikitini kwetu. Walimwambia baba kwamba mafundisho yake yamelegea, na kwamba mtu anayesalimiana na padri hafai kufundisha watoto wa Kiislamu. Baba alichukua miwani yake, akavaa viatu, akarudi nyumbani. Hakugombana. Alikaa barazani akisoma kwa sauti ya chini, na watoto aliowafundisha Kurani wakapita wakitazama chini. Kila aliyelalamika alijibiwa neno moja: tumetumwa kutoka juu. Juu wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Halafu wakamfikia Mama Veronika. Huyu alikuwa mkunga. Nyumba yake ya bati ilikuwa karibu na chemchemi, na nusu ya Kawempe ilianza kupumua mikononi mwake, wakiwamo baadhi ya hao vijana wa fimbo. Walimtaka asilimu au ahame. Hawakutaka, walisema, mikono ya kafiri iwe ya kwanza kugusa watoto wa Waislamu. Mama Veronika aliwaambia ana mwanamke mwenye uchungu ndani, wamngoje. Wakamngoja kweli. Mtoto alipozaliwa akanawa mikono, na gari likamchukua. Hakuonekana tena.

Gavana akaitisha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule, kuzungumzia soko. Nilikwenda na Landrova ya vipaza sauti. Ilikuwa alasiri yenye joto zito, korongo wamesimama juu ya paa la shule kama wazee waliochoshwa na kesi, na vumbi lilielea usawa wa magoti bila kutua. Gavana alisema kuhusu soko, nami nikasema kuhusu soko. Shehe Twaha alikuwa kwenye kiti cha mbele, vijana wake nyuma yake. Gavana akauliza kama kuna mwenye neno.

Hajji Katende akasimama. Sikuwa nimemwona tangu ukumbi ulipofunikwa mashuka. Kanzu ilikuwa ileile lakini pasi haikupita; mkaa ulikuwa ghali. Wengine bado walimwita Mheshimiwa, kwa mazoea, jinsi mtu anavyoendelea kuita mti kwa jina la duka lililobomolewa chini yake. Akaanza kusema kwa Kiganda, polepole, na baada ya kila sentensi akanyamaza. Nikasimama hatua moja nyuma yake, nikatafuta kifungo. Kanzu yake haikuwa na kifungo mgongoni, basi nikatazama mshono.

Na nikaenda. Sijui niseme vipi. Palepale pametulia nilipokuwa nikienda bungeni, nilikwenda tena. Niliisikia sauti ya mwanamke ikisema Kiswahili cha nyumbani kwetu kwenye kipaza sauti, wazi, bila haraka, na ilinichukua muda kuitambua.

"Mheshimiwa Gavana," ile sauti ilisema, "mimi ni Mwislamu na baba yangu alikuwa Mwislamu. Naswali msikiti uleule wanaoswali vijana hawa. Nauliza ni dini gani hii inayotembea na fimbo. Imemfukuza mwalimu aliyetufundisha kusoma. Imechoma nyumba ya watu waliokuwa wakiimba. Imemchukua mkunga wetu akiwa na maji mikononi. Nauliza yuko wapi. Wanasema wametumwa. Kama wametumwa, aliyewatuma asimame tumwone. Kama hawakutumwa, basi serikali yako imeibiwa jina lake. Zamani nilikuwa na nyumba ya kuulizia mambo haya. Imefungwa, kwa hiyo nauliza hapa juani. Nani atajibu?"

Hapo mwisho nilisita, niwaambie ukweli, na ilikuwa kwa sababu ya kazi tu. Kiganda chake kilitumia neno zito, lile la mtu aliyebebeshwa jambo mpaka atakapolieleza. Bungeni kwa Kiingereza nililiandika kila siku. Kiswahili cha kambini hakikuwa nalo. Ningeweza kusema "nani anahusika," likapita laini kama maziwa. Nikasema "nani atajibu."

Nilisikia kipaza sauti kikinguruma chenyewe. Gavana hakumtazama Hajji, alinitazama mimi.

"Nani nauliza?" akasema. "Yeye ao wewe?"

Hofu ilikuwa imekawia nyuma njiani, na sasa ikafika. Nilimfikiria baba barazani.

"Maneno ni yake, Afande," nikasema. "Kiswahili ni changu."

Korongo mmoja alifungua mbawa, akazifunga. "Kiswahili yako ngumu," Gavana akasema. "Lakini nimesikia." Kisha akamgeukia Shehe Twaha akamwuliza nani alimtuma.

Shehe akasema ametumwa na Mwenyezi Mungu. Nikatafsiri.

"Mungu haiko kwa mkutano hii," Gavana akasema. "Mimi nauliza mutu."

Hilo nalo nililitafsiri kwa Kiganda, neno kwa neno, sarufi nikairekebisha. Hakuna aliyecheka. Shehe Twaha akatazama vijana wake, nao wakatazama fimbo zao. Alikuwa hana jina la kulitaja, au alikuwa nalo na asithubutu. Gavana akafunga mkutano.

Sikumwona Gavana kuwa mtu mwema kwa ajili hiyo, wala nyinyi msimwone hivyo. Nilitafsiri mengine yake ambayo ningependa kuyasahau. Nadhani alikasirika kwamba kulikuwa na mtu mwingine anayetuma watu katika jimbo lake. Lakini wiki hiyohiyo gari lilimwacha Mama Veronika Bukoto, karibu na majengo ya ghorofa, bila viatu. Alitembea mpaka Kawempe. Hakueleza alikokuwa, hakuulizwa. Kesho yake mwanamke alipiga hodi akiwa na uchungu, na Mama Veronika akanawa mikono. Vijana waliacha vilemba. Baba aliitwa arudi msikitini, akasema ana kikohozi, akarudi baada ya kubembelezwa kidogo, kama ilivyo haki ya mwalimu. Shehe Twaha alihama, na baadaye nilimwona mjini ana duka lililoachwa na Wahindi waliofukuzwa nchini. Aliuza nguo za kike, na zilikuwa fupi kuliko zote mjini.

Hajji alipata miezi michache tu ya kuwa huru. Wakati wa mvua, askari alikuja ofisini akasema ninahitajika na nisibebe kitu. Garini nilitazama maji yakiteremka kwenye kioo na kufikiri ni nani atakayemwambia baba. Tukaingia kambini, tukapita ukumbi mrefu, na mlango ukafunguliwa. Kumbe nimeitwa kazini tu. Ofisa alikuwa nyuma ya meza. Mbele yake, kwenye benchi, Hajji Katende, kichwa wazi. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake bila kofia. Nilijisikia kama nimefungua mlango wa chumba cha mtu anayevaa.

Ofisa akanionyesha mahali pa kusimama. Hajji alinitazama kama unavyotazama ukuta.

"Huyu mama mimi simujui," akasema. "Simutaki. Kiswahiri najua mwenyewe."

Hakukijua. Alijua cha kuuzia misumari: kiasi gani, ongeza kidogo, kalibu tena. Ofisa akainua mabega, akanifukuza kwa mkono. Nilipofika ukumbini mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na nilimsikia akianza kujibu, akitafuta neno, akilikosa, akichukua la jirani, l na r zimebadilishana viti, ngeli zote zimevunjika. Hakuharakisha hata kidogo. Baada ya kila sentensi alinyamaza.

Ilinichukua mwendo wote wa kwenda nyumbani kuelewa. Mkalimani katika chumba kile angesikia kila kitu, na aliyesikia kila kitu ni shahidi, na mashahidi wa vyumba vile hawakukaa sana. Alinitoa kwa mlango pekee uliokuwapo. Nilitembea kwenye mvua bila mwavuli, na watu wa Bukoto waliokuwa wamejibanza chini ya mabati ya maduka waliniona nikipita midomo yangu ikicheza. Walidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nikimtafsiri. Kila sentensi yake iliyovunjika niliyoipata pale mlangoni niliirudia kwa Kiswahili kizuri, mpaka mvua ikakoma na mimi bado natafsiri, na barabara nzima ikang'aa kama imetandikwa mbingu.

Hakufa. Nawaambia mapema kwa sababu najua mnavyosoma. Mkewe alinipa habari mara moja kwa mwaka, tukikutana Kikuubo kutafuta chumvi, akiongea huku anatazama mizani: bado yupo, ameonekana, amekonda. Mpaka wanajeshi wale walipoondolewa na wengine, na milango ya magereza ikafunguliwa, naye akarudi Kawempe kwa miguu.

Miaka iliyofuata siielezi. Niliitwa mahakamani, kwenye tume, na Bunge lilipofunguliwa niliitwa huko pia, na watu wamenipa vyeti. Mwaka niliostaafu ndipo nilipokwenda kumwona. Nilikuwa nimekawia kwa aibu ya kutojua la kusema, jambo la kuchekesha kwa mtu wa kazi yangu.

Alikuwa mzee sana, kitandani kando ya dirisha, kofia kichwani. Nilimsalimu kwa Kiganda, akaniitikia kwa Kiswahili. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na harufu ya kambi kidogo, lakini ngeli zilisimama na vitenzi vilikuwa na miguu yote. Alikuwa amefundishwa gerezani na mlinzi aliyechoka kukaa kimya, akaniambia kwa majivuno ya mwanafunzi.

Tukazungumza juu ya baba, juu ya Mama Veronika aliyekwisha kufariki. Kisha akaniuliza jambo.

"Siku ile uwanjani. Ulisema nini? Mimi nilikuwa natazama uso wa Gavana tu. Sikuelewa hata neno moja lako."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Watu wote uwanjani walisikia hotuba mbili isipokuwa yeye, aliyeitoa. Nikavuta kiti hatua moja nyuma ya kichwa chake, nisimwone uso, nikaanza. Mimi ni Mwislamu na baba yangu alikuwa Mwislamu. Yalikuja yote kwa mpangilio, na kila baada ya sentensi nilinyamaza ili ifike. Nje, mtu alikuwa akitwanga karanga, akaacha. Nilipofika mwisho, kwa "nani atajibu," pazia lilikuwa limejaa upepo.

Hajji alikuwa amefumba macho.

"Mtu huyo," akasema, "hakuogopa?"

"Aliogopa, Hajji. Nilikuwa nyuma yake. Mgongo wa kanzu ulikuwa umelowa."

Akacheka taratibu, akaomba chai.